Upana wa Njia ya Ng'ombe

Upepo wa Katesh wa mwezi wa saba hauna adabu. Hutoka uwandani, kule ngano inakovunwa, ukabeba vumbi na makapi mpaka ndani ya ofisi ya ardhi. Kila asubuhi Hilaria Akonaay alifuta meza yake ya kuchorea, akaweka mawe kwenye pembe za karatasi ili isipeperuke, kisha akafuta tena.

Mwaka ule Katesh ilikuwa imefanywa makao makuu ya wilaya, na mji ulikuwa unakimbia kuliko watu waliotumwa kuupanga. Madereva wa matrekta, mafundi wa mashine za kuvunia, wenye maduka, walimu, makarani, kila mmoja alitaka kiwanja na hakuna aliyekuwa tayari kungoja. Asubuhi palikuwa na nyasi, jioni palikuwa na msingi wa nyumba. Hilaria alikuwa ametoka chuoni Dar es Salaam mwaka uliotangulia. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba mji unaweza kupangwa vizuri tangu mwanzo, kama kitambaa kinavyokatwa kwa makini kabla ya kushonwa, na kila mtu akapata mahali pake bila kumkanyaga mwenzake. Lakini usingizi wake wa siku zile ulikuwa mwepesi. Aliota mistari.

Mistari yenyewe ilikuwa ya Kitalu C, viwanja vya mita ishirini kwa thelathini, vilivyopangwa kati ya maboma ya Wabarbaig, wafugaji wa uwandani, na mlima. Majina ya watakaopewa yalikuwa tayari. Ijumaa kamati ya kugawa viwanja ingekaa na kuyapitisha, na baada ya hapo kila kiwanja kingekuwa na mwenyewe. Mstari uliokosewa usingefutika tena.

Jumanne, mama mmoja wa Kibarbaig alisimama mlangoni, amevaa sketi ya ngozi, mikono imejaa bangili za shaba, fimbo ndefu mkononi.

"Shikamoo mama. Karibu ndani."

"Marahaba. Mimi Helena Gidamis. Wewe ndiye unachora?"

"Ndiye mimi, mama."

Helena hakukaa. Aliitazama karatasi mezani kama mtu anayetazama jeraha.

"Zamani tulikuwa na njia nyingi za kwenda majini. Moja ikalimwa ngano. Nyingine ikalimwa ngano. Imebaki hii moja, inayokwenda chemchemi pale chini ya mlima. Jana vijana wako wamepiga miti humo."

"Vigingi, mama. Vya kuonyesha viwanja."

"Hata ukiviita malaika, nyumba zikijengwa hapo ng'ombe wangu hawapiti. Wasipopita hawanywi. Wasipokunywa sisi tunahama. Sasa niambie wewe msomi, tunahamia wapi? Nyuma yetu ngano, mbele yetu mji."

Swali hilo lilimwasha Hilaria mwilini kama upupu. Helena alipoondoka, alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Patriki, afisa ardhi.

Patriki alikuwa mtu mzima aliyehamishwa wilaya nyingi, asiyependa maneno mengi kabla ya chai. "Hilaria, huu ni mji. Mji hauna ng'ombe."

"Mji huu unao, mzee. Nawaona kwa dirisha."

"Utaacha kuwaona."

"Kwa hiyo tuwafukuze kwa rula?"

Patriki alishusha kikombe. Akaguna. "Kanuni inaruhusu njia ya waenda kwa miguu katikati ya kitalu. Mita sita. Usiniondolee kiwanja hata kimoja. Na iwe tayari kabla ya Ijumaa."

Mita sita! Hilaria alirudi mezani karibu akikimbia. Nyumbani kwao Endagikot, kule milimani Mbulu, njia iliyopita kati ya shamba la baba yake na la jirani, yenye ua wa minyaa pande zote mbili, haikufika hata nusu ya hapo, na ng'ombe walipita kila siku. Alipokuwa mdogo yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia na kifimbo, nao wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine, polepole, bila kugusa mahindi ya mtu. Alipunguza kidogo huku, kidogo kule, akaipitisha njia yake kati ya viwanja, ikipinda kwenye kona ili isikate cha mtu. Jioni ilikuwa imekamilika. Aliitazama akajisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Kaka yake Ignasi alimkuta hapo. Alikuwa dereva wa trekta katika shamba mojawapo la ngano la serikali, na vumbi lilikuwa limejaa mpaka kwenye nyusi.

"Mchoraji! Kiwanja changu kipo?"

"Kipo, kaka. Ila bado hujagawiwa."

"Nimeonyeshwa."

"Kuonyeshwa si kugawiwa."

"Basi matofali yangu yatakauka wakati nyie mnatafuta tofauti." Alicheka, lakini macho yake hayakutulia. Alikuwa amepewa likizo fupi kati ya kuvuna na kulima, na tayari alikuwa anafyatua matofali pale kwenye kona ya Kitalu C. Wazazi wa mchumba wake Perpetua, kule Nangwa, walikuwa wamesema wazi kwamba hawatoi binti kwa mwanamume anayelala gereji. "Ijumaa, eh? Usiniangushe, Hilaria. Ijumaa."

"Ijumaa, kaka."

Jumatano alimtuma Bura, kijana wa kushika cheni ya kupimia, akaipime njia ile mpya kutoka kwenye maboma hadi chemchemi. Alimpa kigingi cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi zilisikika nyimbo.

Wanawake wa Kibarbaig walikuwa wanakuja kwa wingi kutoka uwandani, wameshika fimbo, wanaimba kwa sauti nzito isiyo ya furaha. Mbele yao Bura alikuwa anatembea haraka haraka, cheni inaburuzika nyuma yake, akijitahidi asionekane anakimbia.

"Dada afisa!" aliita alipofika dirishani. "Wanadai dume! Tena jeusi!"

"Umefanya nini, Bura?"

"Jana jioni nilipita tu. Mstari ulipita nyuma ya nyumba moja, nikasogeza miiba kidogo nikaingia. Kumbe mlikuwa na mama ndani. Na mtoto mchanga. Leo nimerudi kumalizia, nikawakuta wananingoja."

Hilaria alishika kichwa. Hata watu wa milimani walilijua hilo. Mama wa Kibarbaig aliyejifungua hukaa ndani, na mwanamume wa nje hasogelei nyumba yake. Kosa la namna hiyo haliendi kwa wazee wa kiume. Wanawake wenyewe hukaa, huhukumu, na mkosaji hutozwa dume la ng'ombe. Akikataa huimbiwa laana, na hakuna mwanamume aliyesifiwa kwa ushujaa wa kuimbiwa hivyo.

Bwana Patriki alichungulia, akaona fimbo, akafunga dirisha lake. "Nenda wewe," alisema kutoka ndani. "Mimi ni mwanamume."

Hilaria alitoka. Wimbo ulikatika. Helena alisimama mbele ya wenzake.

"Shikamoo, mama."

Safari hii Helena alichelewa kuitikia. "Marahaba. Yule aliyeingia kwa Juliana, mke wa mwanangu, alitumwa na nani?"

Bura alinyoosha kidole kwa Hilaria bila kusita hata kidogo.

"Ni kweli," Hilaria alisema. "Nilimtuma apime njia ya ng'ombe wako, mama. Sikujua kuna mzazi. Nilipaswa kuuliza."

Kisha mama mmoja nyuma akasema kitu kwa lugha yao, mwingine akajibu, na ghafla kicheko kikapasuka kama mtungi. Walibishana wakicheka, wakaacha kucheka, wakabishana tena. Mwishoni Helena aligeuka.

"Wanasema sisi tunatoza wanaume. Mwanamke anayetuma wanaume porini na kamba, huyo hatujawahi kumwona." Alimtazama Bura. "Huyu lake lina siku yake. Asidhani limekwisha. Wewe, Mmbulu, dume hatukutozi. Wewe utatuchungia. Ng'ombe hawajanywa tangu jana kwa sababu ya kesi hii. Utawatangulia kwa njia uliyoichora. Wakifika majini kwa njia hiyo, hatuna neno nawe. Wasipofika, utachora tena."

"Kamati inakaa kesho, mama."

"Ndiyo maana tunakwenda sasa."

Habari ilienea mjini kabla ng'ombe hawajafika. Watu waliokuwa wamekuja kuangalia viwanja vyao walibaki kuangalia maajabu ya afisa mchungaji. Hilaria alivua viatu vya ofisini, akavishika mkononi, akasimama kwenye mdomo wa njia yake, kati ya vigingi viwili. Hakuwa na hofu. Alikuwa ameshafanya hivi mara nyingi kuliko alivyoshika kalamu. Alipiga mluzi ule ule wa Endagikot.

Ng'ombe walikuja. Hawakuja mmoja nyuma ya mwingine. Walikuja kama maji ya mafuriko yanavyokuja kwenye bonde lililo wazi, mbavu kwa mbavu, pembe juu, mifugo ya maboma kadhaa pamoja, wamezoea tangu kuzaliwa kutembea uwanda mzima. Wa katikati waliingia njiani. Wa pembeni hawakuona sababu ya kungoja zamu. Kigingi cha kulia kililala, cha kushoto kikafuata. Hilaria alirudi nyuma akipiga kelele kwa Kiiraqw, lugha ya kwao ambayo hakuna ng'ombe hata mmoja pale aliyeielewa.

"Ng'ombe wenu wa Mbulu wanatembea kama wanafunzi mstarini!" mama mmoja alimtania. "Hawa wetu hawakwenda shule!"

Kwenye kona ya kwanza njia ilipinda kulia, kama alivyoichora. Upepo ulikuwa umegeuka, sasa unatoka mlimani, na ulikuwa na harufu ya maji. Hakuna ng'ombe aliyepinda. Walianza kukimbia, moja kwa moja, na Hilaria akalazimika kukimbia mbele yao, viatu mkononi, vumbi kooni, mpaka akaona kinachokuja mbele yake akataka kusimama asiweze.

Ignasi alikuwa amepiga magoti kwenye kiwanja chake, anageuza matofali mabichi upande wa pili yapate jua. Aliinuka. Alipanua mikono yote miwili.

"Rudisha! Hilaria, rudisha!"

Hilaria alimvuta pembeni kwa shati. Ng'ombe walipita.

Vumbi lilipotulia, matofali yalikuwa kama ugali uliomwagwa. Safu za mwisho tu, karibu na mpaka, ndizo zilizosalimika. Ignasi aliokota tofali moja lenye alama ya kwato, likakatika mkononi.

"Kaka..."

"Usiniite kaka. Ulikuwa mbele yao! Nimekuona kwa macho yangu, uko mbele yao kama ndiye uliyewazaa!"

Watu walicheka, wakaona uso wake, wakaacha. Helena alifika taratibu na fimbo yake, akayatazama matofali, akagonga ulimi kwa kusikitika.

"Pole, mwanangu. Hawa hawakukuchukia. Wana kiu tu." Kisha akamgeukia Hilaria, bila kejeli sasa. "Umeona upana wao?"

"Nimeona, mama."

"Hilo ndilo nililotaka uone. Kwa maneno nisingeweza."

Hilaria alikaa chemchemini mpaka ng'ombe wa mwisho akainua mdomo. Halafu akamwita Bura, na wote wawili wakarudi wakifuata nyasi zilizolazwa, wakipima kwa cheni toka ukingo hadi ukingo. Wastani wa mahali pembamba na mahali papana ulikuja kama mita arobaini. Aliandika. Upana huo ulikimeza kiwanja cha Ignasi chote, haukubakiza hata pembe moja.

Patriki alimsikiliza akiwa amesimama. "Arobaini? Umepigwa na jua. Unajua ni viwanja vingapi hivyo?"

"Mzee, kanuni inataka kila kitalu kiwe na eneo la wazi. Letu liko hapa katikati, mraba mzuri, watoto wacheze. Kanuni inasema ukubwa. Haisemi liwe mraba." Aliweka kidole kwenye karatasi, akakivuta kutoka maboma hadi mlimani. "Nalinyoosha. Eneo ni lile lile, limelala tu. Watoto watacheza pembeni ya ng'ombe kama tulivyocheza sisi. Na ule mraba tunaukata viwanja. Si vyote tulivyopoteza, lakini vingi."

Patriki alivaa miwani. Aliifuata njia hiyo kwa kidole mpaka mlimani.

"Mkoa unaweza kukataa."

"Ukikataa tutakwenda Arusha mkoani kuueleza."

"Tutakwenda, eh?" Alikaribia kutabasamu. "Kiwanja cha kaka yako kimo humo."

"Najua."

"Basi mwandike kwenye hivi vipya vya katikati. Nani atauliza? Ni dereva, anatunza mashine za taifa, anaoa. Sioni dhambi."

Akilini Hilaria alimwona Ignasi na lile tofali mkononi. Alimwona Perpetua. Kalamu ilikuwa pale pale, na jina lenyewe lilikuwa fupi. Lakini waliopoteza viwanja walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na dada mahali fulani, ila dada zao hawakuwa na kalamu.

"Waliopoteza viwanja wachomoe kura, mzee, naye kama wengine."

"Hatakushukuru."

"Leo hakuna anayenishukuru."

Alichukua wembe, akaanza kukwangua wino. Ndivyo mstari unavyofutwa kwenye karatasi ile ya kuchorea, polepole, ukikaza mkono utaitoboa. Alikwangua njia yake ya mita sita, kona baada ya kona, mpaka mahali pote pakawa peupe. Mwishoni akafika kwenye kiwanja cha kona. Hapo alipumzika kidogo, akaendelea.

Ijumaa kamati ilibishana mpaka chai ikapoa.

"Eneo la wazi gani hili refu kama mkia?" mwenyekiti aliuliza.

"Ukubwa wake umetimia, mwenyekiti," Hilaria alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akaikaza. "Tukiwaziba, ng'ombe watapita katikati ya nyumba za watu, au wenyewe watahama na mji utabaki bila maziwa. Njia hii ilikuwa hapa kabla ya Kitalu C. Nilidhani naweza kuikunja. Haikunjiki."

Mfanyabiashara mmoja mnene, mjumbe wa kamati, aliyekuwa mkali kuliko wote juu ya viwanja, aliinua mkono. Hilaria alijiandaa kwa vita.

"Mimi mnanipa kiwanja jirani na kile cha matofali," alisema yule bwana. "Jana nilikuwa nimesimama humo. Nilitoka kwa kasi ambayo mke wangu haamini. Kile sikitaki. Nipeni popote, niingizeni hata kwenye kura, lakini pale wapewe wenye pembe."

Chumba kizima kilicheka, na kicheko kilifanya kazi ambayo kanuni isingeiweza. Ramani ilipitishwa, mpaka mkoa utakaposema neno lake. Viwanja vya katikati vikapigiwa kura siku ile ile. Ignasi alikuja na nguo zake za kazi, akachomoa karatasi yake kutoka kwenye kofia, akaifungua, akaikunja tena. Ilikuwa tupu. Alitoka kwa mlango wa nyuma ili asipite karibu na dada yake.

Jumamosi Hilaria aliamka mapema kabisa. Hakuweza kulala. Mkoa ungejibu nini, na lini? Pengine watu wa Arusha wangetazama ule mkia mrefu wakacheka. Aliona afadhali vigingi viwepo ardhini kuliko kwenye karatasi tu, akaenda na Bura, na safari hii walipofika karibu na nyumba ya Juliana walizunguka mbali sana.

Jua lilikuwa limeanza kupata nguvu aliposikia toroli ikilia. Ignasi alikuwa anapakia matofali yaliyosalimika.

"Shikamoo, kaka."

Alipakia mengine mawili kwanza. "Marahaba."

"Unayapeleka wapi?"

"Nje ya ng'ombe. Mpaka wenu unaishia wapi?"

Alimwonyesha kigingi. Ignasi alisukuma toroli mpaka hatua chache ng'ambo yake, akaanza kuyapanga.

"Hapo ni kwa mtu, kaka. Amegawiwa jana."

"Najua. Kilikuwa cha yule mnene. Kapata kingine katikati, hiki amekichukua rafiki yake. Nimeshamwomba. Amesema yakae mpaka Kitalu D."

"Kitalu D bado hakijachorwa."

"Basi umesimama hapa kufanya nini?"

Hakutabasamu, lakini alilisema kwa sauti ya nyumbani. Hilaria alimpa tofali. "Na Perpetua?"

"Perpetua anasema yeye hana haraka. Mwenye haraka ni baba yake." Alijifuta jasho. "Nilimweleza habari ya kura. Nilimwambia dada yangu alikuwa na kalamu mkononi akaacha. Alinyamaza, halafu akasema afadhali ukoo wenye mtu kama huyo. Mimi sijakubaliana naye bado."

Uwandani vumbi lilikuwa linainuka, na nyuma ya vumbi zilisikika kengele. Helena alikuwa mbele, fimbo begani, na nyuma yake ng'ombe wamejaa kutoka kigingi hadi kigingi, mbavu kwa mbavu. Hilaria alikuwa na hamu ya kubaki awatazame. Badala yake alishika mkono mmoja wa toroli, Ignasi akashika mwingine, kwa sababu yalikuwa yamebaki matofali ya safari moja na ng'ombe walikuwa hawangoji mtu.